Mzee Mmoja, Mtu Mzima Mmoja

Katika mtaa wetu, nyuma ya soko la Yeongju, filamu haijaisha mpaka Geumran aiseme. Watu huenda sinema kwa miguu yao, wakakaa, wakalia, wakarudi, lakini ukiwauliza ilikuwaje watakujibu, "Ngoja kwanza, sijapita saluni."

Geumran ni msusi. Saluni yake ina viti vitatu, kimoja kimechanika na kushikizwa kwa utepe wa gundi. Hukata nywele kwa mkono wa kushoto, na wa kulia huuacha huru kwa ajili ya kusimulia. Kitana kinaweza kuwa upanga, gari moshi, au mwanamume anayeondoka bila kuaga. Mara moja alichelewa kumwosha Mama Wonjun, muuza tofu, dawa ya kupinda nywele, kwa sababu filamu ilikuwa imefika pale askari anapokufa. Nywele za upande wa kulia zikakauka kama majani ya vitunguu. Mama Wonjun hakulalamika. Alichouliza ni kama mjane aliolewa tena.

Mimi nauza kimchi, kabichi ya kuchacha yenye pilipili, na vitoweo vingine, milango miwili kutoka hapo. Nilisoma mpaka darasa la tisa tu, na filamu zangu ni zile za kwenye televisheni, nikiwa nachambua kabichi. Nasema hivi ili ijulikane kwamba sikumwonea Geumran wivu kwa sababu ya filamu. Nilimwonea kwa sababu ya binti yangu.

Dasom ana miaka ishirini na minne. Baba yake alituacha akiwa darasa la pili, na tangu hapo nyumba ina jozi mbili tu za viatu mlangoni. Nikirudi jioni huangalia viatu kabla ya kuangalia kitu kingine chochote. Anafanya kazi kliniki ya meno karibu na stesheni. Nyumbani ana maneno matatu: ndiyo, hapana, nimeshiba. Nikiongeza swali la nne anaingia chumbani.

Lakini Jumanne, siku Geumran anapofunga saluni, hao wawili huenda sinema. Dasom aliomba kliniki ibadilishe siku yake ya mapumziko, kutoka Alhamisi hadi Jumanne. Aliponiambia nilidhani amenihurumia, kwa kuwa Jumanne ndiyo siku ninayopokea kabichi. Nikamnunulia hata glavu mpya. Jumanne ya kwanza ilipofika alizivuka zile glavu pale mlangoni, akasema, "Mama, naenda sinema na mama mdogo."

Mama mdogo. Hilo jina nililitoa mwenyewe, kwa mdomo wangu.

Geumran alipohamia hapa miaka kumi na minne iliyopita, nilimpelekea figili za kuchacha kama mtu mwenye adabu. Alikuwa mwembamba, amevaa suruali ya jinzi, na mikono yake ilikuwa laini kuliko mikono niliyokuwa nayo hata nikiwa mwari. Tukakaa, nikamuuliza tunachouliza wote kabla hatujajua tutaongea vipi.

"Wewe ni wa mwaka gani?"

"Panya," akasema.

Mimi ni wa Nguruwe, mwaka unaotangulia Panya katika ile duru yetu ya miaka kumi na miwili, kila mmoja na mnyama wake. Nikahesabu kwa vidole palepale, nikafurahi. "Basi nimekutangulia mwaka mmoja. Una thelathini na tisa. Niite dada."

Akanitazama kidogo, kama mtu aliyeitwa kwa jina la mtu mwingine. Kisha akasema, "Haya, dada."

Tangu siku ile nikawa namwita Geumran tu, nikimtuma alete barafu, nikimwambia asikae kwenye upepo. Naye: dada, naja, dada, nimesikia. Dasom alikuwa na miaka kumi. Nikamwambia, "Msalimie mama mdogo." Akamsalimia.

Miaka kumi na minne nilimsaidia Dasom kumpenda.

Majira ya baridi yalipoingia nilianza kuona vitu. Begi la magurudumu lililokaa chini ya kitanda cha Dasom tangu safari ya shule nililikuta halina vumbi. Simu yake ililala kifudifudi. Na mara mbili, nikipita saluni na beseni la figili, nilimwona amekaa kwenye kile kiti kilichochanika, anaongea. Binti yangu, anaongea! Midomo inakwenda, mikono inakwenda. Nilipoingia wote wawili wakanyamaza.

"Mlikuwa mnasema nini?"

"Filamu tu, dada," Geumran akajibu.

"Filamu gani?"

"Ndefu hiyo, utachoka."

Usiku ule sikula. Nilikuwa najiuliza ni jambo gani ambalo mama mzazi atachoka kulisikia na mama wa kubandikwa hatachoka.

Ndipo ikaja filamu ya *Bakuli la Pili*. Tangazo lake lilibandikwa mpaka kwenye duka la dawa: bibi amempakata mtoto, mbele yao bakuli mbili za supu ya mwaka mpya zinatoa moshi. Urefu wake ni saa tatu na dakika kumi. Mama Wonjun alisema hawezi kukaa saa tatu bila kwenda haja, kwa hiyo atasubiri Geumran aiseme. Jumanne ile Dasom alivaa koti la kijivu, akapita mbele yangu.

Nilifunga duka. Mimi, ambaye sikufunga hata siku niliyong'oa jino. Nikavaa barakoa, nikajifunga skafu mpaka kwenye nyusi, nikawafuata kwa nyuma.

Pale mlangoni nilisimama nyuma ya tangazo la kadibodi, karibu kiasi cha kusikia. Geumran alitoa kitambulisho, akakisukuma chini ya kioo kwa haraka, kama mtu anayeficha kidole chenye bendeji. Msichana wa tiketi akakitazama, akainama kwa heshima, akasema kwa sauti yake safi ya kazi:

"Mzee mmoja, mtu mzima mmoja."

Nilidhani kuna mtu mwingine nyuma yao. Hakuwepo. Mzee kwenye sinema ni mtu aliyetimiza sitini na mitano, imeandikwa ukutani kwa herufi kubwa hata kwa macho yangu. Nikahesabu tena kwa vidole, ndani ya mfuko wa koti. Panya hurudi kila baada ya miaka kumi na miwili. Mimi nilikuwa nimemshika panya wa karibu. Yeye alikuwa panya wa mzunguko wa nyuma yake. Geumran hakuwa mdogo wangu kwa mwaka mmoja. Alikuwa mkubwa wangu kwa miaka kumi na mmoja.

Lakini hilo halikuniuma kama hili: Dasom alikuwa amesimama palepale, bega kwa bega, anatafuna bisi. Hakushtuka. Alijua. Walikuwa na siri, na hii ilikuwa moja tu ya siri zenyewe.

Nilikaa safu ya mwisho. Wao walikuwa safu ya tano, vichwa viwili, na ngisi mkavu anayepita kutoka mkono hadi mkono.

Filamu yenyewe ni hivi. Kuna mwanamke katika kijiji cha mlimani aliyezika watoto watatu, akabaki na msichana mmoja wa miaka saba. Mtabiri akamwambia huyu naye hatavuka mwaka wa nane. Sasa kila mtu anajua kwamba asubuhi ya mwaka mpya ukila ile supu ya vipande vya mchele wa kupondwa, umeongeza mwaka. Ndiyo maana watoto wetu huulizwa wamekula bakuli ngapi. Yule mama alifikiri usiku kucha. Asubuhi, mtoto akiwa bado amelala, akala bakuli lake, kisha akavuta la mtoto, akalila nalo.

Mtoto akabaki na saba. Mama akaongeza miwili.

Na mwaka uliofuata hivyohivyo, na uliofuata. Wenzake wa yule msichana wakaota matiti, wakaolewa, wakaja na watoto wao kucheza naye. Mama nywele zikawa nyeupe, mgongo ukapinda, akiwa na umri ambao wenzake bado wanabeba magunia. Walionyesha meno yake yakitoka moja moja kwenye ile supu. Ukumbi mzima ulikuwa unavuta kamasi. Mimi nililia mpaka barakoa ikanigandia usoni. Nilijiona. Nani angenipa bakuli la Dasom nisilile? Wangenipa na sufuria.

Ni pale, pale pale kwenye bakuli la pili, kijiko kinapogonga meno, nilipomwona Geumran anainama, anamnong'oneza Dasom. Na Dasom akacheka. Akaziba mdomo kwa mikono miwili, mabega yakitikisika, watu wakageuka.

Sikumbuki mara ya mwisho nilipomchekesha hivyo. Nadhani alikuwa hana meno ya mbele.

Mwishoni msichana, baada ya miaka thelathini ya kuwa na saba, anaamka kabla ya mama yake. Anapanda kigoda, anapika supu mwenyewe. Anakula bakuli lake. Kisha anavuta la mama, analila nalo. Kisha anajaza tena na tena, anakula akilia, na kila bakuli mikono inarefuka kwenye ile mikono ya gauni, mpaka mama anapofumbua macho anamkuta mwanamke mzima ameketi mbele yake. Wa nane ameuvuka zamani, kati ya kijiko na kijiko, na hakuna lililotokea. Mama anamtazama, anasema, "Umefanana na mimi." Basi. Wanapata asubuhi ile moja tu.

Nilitoka kabla taa hazijawaka.

Siku mbili nilijizuia. Siku ya tatu, Ijumaa, nilisikia sauti ya Geumran mpaka dukani kwangu, nikajua anaisema filamu. Nikachukua chombo cha vitunguu vya kuchacha ili mikono isiwe mitupu, nikaenda.

Mama Wonjun alikuwa na rola kichwa kizima. Wengine wawili walikuwa kwenye benchi, wanamenya machungwa.

"...ni nzuri, sikatai," Geumran alikuwa anasema, kitana kikiwa kijiko. "Ni ndefu. Ule mlima wameuonyesha mara saba, mlima gani huo, tuna milima hapa. Lakini nzuri. Kitu kimoja tu. Nyie wote mtamlilia yule mama."

"Si ndiyo tunavyotakiwa?" akasema Mama Wonjun.

"Mimi sikumlilia. Mimi namwita mwizi."

"We!"

"Mwizi wa bakuli. Kuna mahali amemuuliza mtoto? Miaka thelathini mtoto anacheza kokoto na watoto wa rafiki zake. Ana mdomo, ana akili, hakuna aliyemwambia, 'Mwanangu, mambo ni haya, unataka kula au hutaki?' Mama analia, anakula. Analia, anakula. Na akishiba anasema amefanya kwa mapenzi."

Wakacheka. Nilihisi kila neno limenirukia, kama mtu anayetupa maji nje bila kuangalia nani anapita.

"Yule mtoto angekufa," nikasema.

Geumran akageuka. "Dada, karibu. Nani kasema angekufa? Mtabiri. Mtabiri huyohuyo mwenye masharubu ya gundi."

"Mama hawezi kubahatisha. Wewe huna mtoto, utajuaje kubahatisha mtoto?"

Mama Wonjun akasema taratibu, "Mama Dasom."

"Hapana, aseme. Anayekaa na watoto wa wenzake gizani, anawanong'oneza, anawachekesha watu wengine wakilia, huyo ndiye anajua ulezi?"

Geumran akashusha kitana. "Dada, kumbe ulikuwepo?"

Nilikuwa nimejifunga mwenyewe, basi nikaona bora nimfunge na yeye.

"Na usiniite dada. Hebu waambie hawa. Wewe ni panya wa mwaka gani?"

Maji yalidondoka kwenye sinki. Niliendelea, sauti yangu ikiwa juu kuliko nilivyotaka. "Waambie tiketi yako inaitwaje. Mzee mmoja! Nimesikia kwa masikio yangu. Ana sitini na mitano huyu! Miaka kumi na minne anatuita dada, anajifanya mtoto, anatucheka moyoni!"

Mama Wonjun alianza kuhesabu, rola zikitikisika. Yeye ana sitini na mmoja. "Ngoja. Ngoja kidogo. Kwa hiyo mimi... mimi nimekuwa namtuma dada yangu chai?"

"Na ukisema haina sukari," akasema mmoja wa benchi.

"Na ukimwambia anyanyue miguu ufagie!"

"Mungu wangu, nilimkaripia siku ile ya mwavuli!" Mama Wonjun akajishika mashavu. "Dada, nisamehe. Si nilidhani wewe mtoto?"

Nilitegemea watamgeukia yeye. Wao walikuwa wanajigeukia wenyewe, kila mmoja anakumbuka alichomwambia. Geumran alikuwa amesimama na kitana, wekundu umempanda shingoni. Ndipo nikaona kitu ambacho jicho langu hili linalojisifu kuona kila kitu halikuwahi kukiona: mizizi ya nywele zake nyuma ya sikio, nyeupe pee. Anawapaka rangi wote, na nyuma ya sikio lake mwenyewe hafiki.

"Mimi nilisema Panya," akaniambia, bila ukali. "Aliyehesabu ni wewe."

"Ungenisahihisha!"

"Ningekusahihisha." Akakaa kwenye kile kiti kilichochanika. "Kabla ya kuja hapa nilikuwa Bonghwa, namuuguza mama mkwe. Alianguka akiwa anaanika pilipili, hakunyanyuka tena. Nilimgeuza asubuhi, mchana, jioni. Mume wangu alikuwa Ulsan kwenye meli, akaoa hukohuko. Mimi nikaendelea kumgeuza mama yake. Tulipomzika nilikuwa na hamsini na mmoja. Nikahamia hapa, wiki ya kwanza ukaja na figili zako, ukahesabu kwa vidole, ukaniambia nina thelathini na tisa."

Akacheka kidogo.

"Thelathini na tisa ndiyo niliyokuwa nayo siku alipoanguka. Ile miaka kumi na miwili sikuila mimi, dada. Aliila mwingine, nami nikiwa nimeshika kijiko. Ukanirudishia yote, mlangoni, na figili juu. Nani angekataa?"

Mmoja wa benchi akaanza kulia, machungwa mkononi. Mama Wonjun akasema, "Sasa nani ataniosha nywele, naungua," na kweli alikuwa anaungua, Geumran akaruka kumwosha. Niliweka chombo cha vitunguu juu ya meza ya majarida nikatoka.

Unadhani wivu uliisha? Uliongezeka. Kwanza nilimwonea kwa binti yangu. Sasa nikamwonea na kwa mateso yake pia, maana hata hayo aliyasimulia vizuri kuliko mimi yangu.

Jioni viatu vya Dasom vilikuwa mlangoni mapema. Alikuwa amekaa sakafuni jikoni, hajavua koti.

"Mama, ulitufuata?"

"Nilikwenda kuangalia filamu. Filamu ni yenu peke yenu?"

"Ulijifunga skafu kichwani kama jambazi. Mtu wa bisi alituambia kuna bibi anajificha nyuma ya kadibodi. Tulidhani kichaa."

"Ndiyo, kichaa. Wewe ulijua umri wake ukanificha!"

"Alinionyesha kitambulisho mwaka huu, kwa sababu ya tiketi. Aliniomba nisikuambie. Alisema, 'Mama yako amekuwa dada kwa muda mrefu, atapata shida kuacha.'"

Nikawasha jiko, nikalizima, nikaangalia kama nimelizima.

"Na begi?" nikauliza, nikiwa nimempa mgongo. "Begi umefuta vumbi la nini?"

"Nimepata kazi Jeju, kisiwani. Kliniki kubwa, na bweni lipo. Naanza mwezi wa tatu." Kisha haraka, "Nimejua tangu vuli. Kila Jumanne mama mdogo ananiuliza, umemwambia? Namwambia bado. Ananiambia, basi hakuna ngisi. Kweli, Mama, ananinyima ngisi. Siku ile alinigawia kwa sababu nilimwahidi nitakuambia kabla ya mwaka mpya."

"Na kwa nini hukuniambia?"

"Kwa sababu ungelia. Halafu ungesema nenda. Halafu ungeugua."

Alikuwa amenijua kama mtu anavyoijua njia ya nyumbani. Nilikaa naye sakafuni. Niliuliza swali ambalo ndilo lilinifanya nisilale siku tatu, kuliko Jeju, kuliko panya.

"Alikunong'oneza nini? Pale kwenye bakuli. Ulicheka."

Dasom akaanza kutabasamu kabla ya kujibu. "Alisema, 'Muangalie, mama yako huyo kabisa. Ila mama yako angelalamika kwanza kwamba supu haina chumvi.'"

Sikutaka kucheka. Nilibana meno. Ilitoka puani.

Asubuhi ya mwaka mpya nilipika supu. Toka Dasom akiwa mdogo nina tabia: namjazia, kisha nachota vipande viwili vitatu kutoka bakuli lake naweka langu, nikisema havijaiva, au ni vikubwa atakabwa. Sijui nilianza lini. Mkono ulikwenda wenyewe na kijiko, Dasom akaufuata kwa macho. Nikaurudisha. Alikula mpaka chini, akainua bakuli akanywa mchuzi, akafuta mdomo. Nilimhesabia vijiko vyote, na sikugusa hata kimoja.

Kisha nikajaza bakuli lingine, nikalifunika, nikapeleka saluni. Geumran alifungua akiwa na rangi kichwani, mfuko wa plastiki juu yake. Kumbe ndiyo siku anayojipaka, watu wote wakiwa majumbani kwao.

Niliinama, sawasawa, kama anavyoinamiwa mkubwa. Lile neno lilikataa kutoka. Nilikuwa nimelipokea miaka kumi na minne, sikujua lina uzito gani ukilitoa.

"Dada," nikasema. "Heri ya mwaka mpya. Kula ikiwa ya moto."

"Umeniongezea mwaka," akasema, akipokea.

"Kula wako mwenyewe. Hakuna atakayekulia."

Alionja palepale mlangoni. Akafumba macho kama anavyofanya kabla ya kuisema filamu. "Ndefu kidogo," akasema. "Chumvi umeiacha wapi, imeisha sokoni? Lakini nyama nzuri."

"Rudisha bakuli langu."

Ikabaki Jumanne moja kabla ya Dasom kuondoka. Filamu bado ilikuwa inaonyeshwa, maana huku mji mdogo haziondoki haraka. Dasom alisema, "Mama, njoo. Bila skafu." Nilifunga duka mchana kweupe, Mama Wonjun akitoa kichwa kuona.

Njiani nilimsikia binti yangu akisita, midomo ikitafuta neno. "Sasa nikuite mama mkubwa?"

"Mkubwa ndiyo," nikajibu kwa niaba ya Geumran. "Mkubwa wangu kwa miaka kumi na mmoja. Hilo nimehesabu vizuri."

Msichana wa tiketi alichukua kitambulisho cha Geumran, ambaye safari hii alikiweka juu ya kioo bila haraka, akainama, akasema, "Mzee mmoja, watu wazima wawili." Nikamtazama Dasom. Mtu mzima. Imeandikwa hata kwenye karatasi.

Tulipofika safu ya tano walisimama wote wawili wakinipisha niingie ndani kabisa. Sikuingia. Nilisubiri Geumran aingie kwanza, kisha mimi, kisha Dasom. Nilikaa katikati. Ngisi ilibidi apite kwangu.

Sikulia sana mara hii. Nilikuwa nauangalia mkono wa Dasom kwenye mkono wa kiti, kucha zake fupi za kazi, na nikifikiri kama Jeju kuna kabichi nzuri. Lilipofika bakuli la pili, kijiko kikagonga meno, ukumbi mzima ukaanza kuvuta kamasi. Nikainama kwa binti yangu, nikamnong'oneza.

Akacheka. Akaziba mdomo kwa mikono miwili, mabega yakitikisika, mtu wa mbele akageuka.

Upande wangu wa kushoto Geumran akajivuta, shingo ikirefuka gizani. "Mnasema nini? Dada yenu naye asikie. Mama Dasom, mmesema nini?"

"Hakuna," nikasema. "Angalia filamu."